Ancelotti "hana mfumo": fundi wa katikati aliyesomeshwa na magoti mabovu na kosa la kumkataa Baggio

Kila kibanda umiza kina mtu ambaye ukimtajia Carlo Ancelotti anacheka tu. Hoja yake mnaijua. Guardiola ana pasi zake, Klopp ana presha yake, Mourinho anapaki basi, sasa huyu mzee wa Kiitaliano mwenye nyusi moja juu ana nini? Anapewa mastaa, anakaa benchi anatafuna bigijii, mwezi wa tano anabeba kombe. Bahati na mastaa, basi.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ancelotti ametwaa Ligi ya Mabingwa mara 5 akiwa kocha, idadi ambayo hakuna kocha mwingine ameifikia, na ni yeye peke yake aliyebeba ubingwa wa ligi zote tano kubwa za Ulaya: Italia, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Hispania. Lakini jaribu kueleza kwa sentensi moja timu zake zinachezaje. Utakwama. Milan ya 2007, Chelsea ya 2010 na Madrid ya 2024 hazifanani kwa lolote, na mtu akikuambia zimefundishwa na makocha watatu tofauti unaweza kumwamini.

Mimi naona zinafanana sehemu moja tu, pale katikati. Karibu kila kombe kubwa alilobeba lina kiungo, au mtu aliyegeuzwa kuwa kiungo, anayecheza mahali ambapo kocha mwingine asingemweka. Na tabia hiyo ina chanzo chake. Ukifuatilia maisha ya Ancelotti mwenyewe akiwa mchezaji, unaona alivyoipata, alivyoisahau, na alivyoirudia baada ya kuaibika.

Kijana aliyerudishwa nyuma

Alizaliwa tarehe 10 Juni 1959 katika mji mdogo wa Reggiolo, kaskazini mwa Italia, kwenye familia ya wakulima. Timu yake ya kwanza ya maana ilikuwa Parma, iliyokuwa daraja la tatu, chini ya kocha Cesare Maldini, baba yake Paolo. Pale hakuwa kiungo wa kukaba hata kidogo. Alicheza nyuma ya washambuliaji na alifunga. Mwaka 1979 Parma ilipocheza na Triestina mechi ya mchujo wa kupanda daraja, kijana alitupia mawili na timu ikapanda.

Roma wakamchukua mwaka huohuo. Kocha wao alikuwa Nils Liedholm, Mswidi mpole aliyekuwa kiungo hodari wa Milan enzi zake na nahodha wa Uswidi kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 1958. Liedholm alimtazama huyu kijana mshambuliaji akamrudisha nyuma, akamfanya kiungo wa kati anayekimbia, anayekaba na kupasia.

Lakini funzo kubwa la Liedholm halikuwa kwa Ancelotti mwenyewe. Roma ilikuwa na nahodha anaitwa Agostino Di Bartolomei, kiungo mwenye mguu wa dhahabu na kasi ya gari moshi la zamani. Msimu wa 1982-83 Liedholm alimtoa katikati akampeleka kabisa kwenye ulinzi, akamweka pembeni ya Pietro Vierchowod aliyekuwa na mbio za kutosha watu wawili. Kwa nini umpeleke mtu mzito kwenye ulinzi? Kwa sababu kule nyuma hakuna mpinzani anayemvamia. Anapokea mpira uso ukitazama uwanja mzima, anapiga pasi ya mita 40 inayotua kifuani kwa mtu, na zile mbio anazokosa anazifidia Vierchowod. Roma ilikuwa haijatwaa ubingwa wa Italia tangu 1942. Mwaka 1983 ikautwaa, na Ancelotti alikuwa ndani ya kikosi hicho akiona kila siku mazoezini. Lishike hilo jina la Di Bartolomei, tutalihitaji.

Magoti ndiyo yaliyomtesa. Oktoba 1981 goti moja likachanika na Kombe la Dunia la 1982, ambalo Italia ililitwaa, likampita. Desemba 1983 likafuata la pili, naye akaikosa fainali ya Kombe la Ulaya (siku hizi Ligi ya Mabingwa) ya 1984, ambayo Roma ilipoteza kwa penalti mbele ya Liverpool, tena kwenye uwanja wake yenyewe.

Mtu mwenye magoti hayo, akiwa na miaka 28, nani anamnunua? Arrigo Sacchi. Mwaka 1987 alikuwa ndiyo kwanza amepewa Milan, na aling'ang'ania aletewe Ancelotti ingawa madaktari wa klabu walikuwa na mashaka. Sacchi ni kinyume cha Liedholm kwa kila kitu. Hakuwahi kucheza soka la kulipwa. Aliamini mashine: safu mbili za watu wanne, washambuliaji wawili mbele, timu nzima ikisogea pamoja kana kwamba imefungwa kamba, umbali kati ya beki wa mwisho na mshambuliaji usizidi mita 25 hivi. Mazoezini aliwasogeza wachezaji uwanjani bila hata mpira. Ancelotti, ambaye sasa hakuwa na mbio, alikuwa akili ya mashine hiyo. Milan ilibeba Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990. Kwenye nusu fainali ya 1989 Real Madrid walipigwa 5-0 San Siro, na bao la kwanza lilikuwa kombora la mbali la Ancelotti.

Alistaafu 1992 na moja kwa moja Sacchi akamchukua kuwa msaidizi wake timu ya taifa. Wakafika fainali ya Kombe la Dunia la 1994 Marekani, wakafungwa na Brazil kwa penalti, Roberto Baggio akipaisha ule mkwaju ambao hata asiyefuatilia mpira ameuona.

Kosa la 1997

Hapa ndipo wanaomuona mzee wa mastaa wanashangaa: Ancelotti alianza ukocha akiwa mkatili wa mfumo. Aliipandisha Reggiana hadi Serie A, ligi kuu ya Italia, mwaka 1996, akapewa Parma, akaja na daftari la Sacchi bila kufuta hata mstari. Nne, nne, mbili. Asiyeingia humo, nje.

Wa kwanza kuumia alikuwa Gianfranco Zola. Zola ni namba kumi wa kuzaliwa, mtu wa kuishi kati ya viungo na mabeki wa adui. Ancelotti akampeleka winga ya kushoto. Novemba 1996 Zola akaondoka kwenda Chelsea, na mashabiki wa London wanajua walichopata.

Wa pili alikuwa Baggio. Kiangazi cha 1997 mambo yalikuwa karibu kukamilika ajiunge na Parma, ila alitaka acheze nyuma ya washambuliaji. Ancelotti akakataa. Tuelewe sababu, maana haikuwa kiburi kitupu. Kwenye 4-4-2 ya Sacchi kila mtu ana mstari wake. Mpira ukienda kulia wote mnasogea kulia, ukirudi mnarudi. Namba kumi hana mstari, na ukimweka yeye lazima mtu mmoja atoke kwenye zile safu mbili, halafu mashine inabaki na tundu. Kwa hesabu za ubaoni Ancelotti alikuwa sahihi. Baggio akaenda Bologna, timu ya kawaida tu, akafunga mabao 22 ya ligi msimu uliofuata.

Ancelotti mwenyewe amekiri hadharani mara kadhaa kwamba alikosea. Na bila kosa hilo nadhani leo tungekuwa tunamzungumzia kocha mwingine wa kawaida wa Kiitaliano.

Mwaka 1999 akaenda Juventus, akamkuta Zinedine Zidane. Safari hii hakuthubutu kumpeleka winga. Alivunja 4-4-2, akapanga mabeki watatu, na Zidane akaachiwa nafasi yake nyuma ya Del Piero na Inzaghi. Alimaliza wa pili misimu miwili mfululizo. Ule wa 2000 aliukosa kwa pointi moja, siku ya mwisho, kwenye uwanja wa Perugia uliogeuka bwawa baada ya mvua kusimamisha mechi kwa zaidi ya saa nzima. Juventus wakamtimua. Lakini mtu aliyetoka pale hakuwa yule aliyeingia.

Pirlo

Novemba 2001 alirudi Milan kama kocha na kumkuta Andrea Pirlo benchi. Pirlo, aliyetoka Inter kiangazi hicho, alikuwa namba kumi asiye na kazi. Hana kasi, hana mwili, na kwenye nafasi yake tayari yupo Rui Costa. Kiangazi cha 2002 wakaongezwa Rivaldo na Seedorf. Foleni ikawa ndefu mno.

Pirlo akamfuata kocha na ombi: nirudishe nyuma, mbele ya mabeki, pale kwa namba sita. Hakuwa amelitoa hewani. Nusu msimu wa 2001 aliwahi kucheza kwa mkopo Brescia chini ya mzee Carlo Mazzone, na Mazzone alimrudisha nyuma kwa sababu namba kumi wa Brescia alikuwa mtu ambaye huwezi kumtoa: Roberto Baggio. Ndiyo, yuleyule.

Fikiria Ancelotti analisikia ombi hilo. Kwa kawaida namba sita ni mkata umeme, mtu wa miguu ya chuma, wa kuvunja mashambulizi na kumpa mpira aliye jirani. Ukimweka pale kijana mwembamba anayekaba kama anaomba radhi, unacheza na moto. Kocha wa 1997 angesema hapana. Huyu wa 2002 alikuwa amemwona Di Bartolomei.

Hesabu ni ileile ya Liedholm. Namba kumi anapokea mpira mgongo ukiwa kwa goli, beki anampumulia shingoni, na ana nusu sekunde ya kufikiri. Ukimshusha mita 30, anayetakiwa kumkaba sasa ni mshambuliaji wa timu pinzani, na washambuliaji wa miaka ile hawakuwa na kawaida ya kukaba. Pirlo akapata sekunde mbili. Kwa mtu wa akili ile, sekunde mbili ni anasa. Udhaifu wake ukazibwa na Gennaro Gattuso kando yake, aliyekimbia kwa niaba ya wote wawili, na Seedorf upande wa pili.

Mei 2003 Milan ilitwaa Ligi ya Mabingwa Manchester kwa penalti dhidi ya Juventus, walewale waliomtimua. Mwaka uliofuata ikatwaa ubingwa wa Italia. Ndipo ukakomaa ule mpangilio unaoitwa mti wa Krismasi, 4-3-2-1: mabeki wanne, viungo watatu Pirlo akiwa wa chini, namba kumi wawili juu yao, na mshambuliaji mmoja kileleni. Ukiutazama vizuri unaona ni jibu la swali la Baggio: badala ya kukosa nafasi ya namba kumi mmoja, ametengeneza nafasi ya wawili.

Mti huo ulikuwa na kasoro, mabawa hakuna. Na ukishinikizwa pale kwenye shina, timu nzima inapoteana. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Istanbul 2005 Milan iliongoza 3-0 mapumziko, ikiwa na mpangilio wa almasi (viungo wanne: mmoja chini, wawili pembeni, mmoja juu), Kaká akiwachana Liverpool katikati. Kipindi cha pili Rafael Benítez akamwingiza Dietmar Hamann kuziba njia za Kaká, Gerrard akaachiwa kupanda, na ndani ya dakika sita ubao ukasoma 3-3. Penalti zikaamua yaliyobaki. Watu wanasimulia usiku ule kama muujiza, na sitaki kuwanyang'anya watani zangu wa Liverpool muujiza wao, lakini ulianza na kiungo mmoja kuingia. Miaka miwili baadaye, kwenye fainali ya Athens, Milan ilikutana na Liverpool tena ikiwa na mti wenyewe, Seedorf na Kaká nyuma ya Inzaghi, ikashinda 2-1.

Di María, na miaka ya kuhamahama

Chelsea alibeba ligi na Kombe la FA msimu wake wa kwanza, mabao 103 ya ligi, Drogba pekee 29. Mwaka mmoja baadaye wakamfukuza palepale Goodison Park, uwanja wa Everton, dakika chache baada ya mechi ya mwisho, kwa kosa la kumaliza wa pili. PSG alitwaa ubingwa wa 2013.

Kisha Madrid, na hapa pana kazi yake ninayoipenda kuliko zote. Kiangazi cha 2013 klabu ilimnunua Gareth Bale. Pembeni Cristiano, pembeni Bale, katikati Benzema. Ángel Di María, winga wa Argentina, alionekana amekwisha. Novemba kiungo Sami Khedira akaumia goti vibaya. Ancelotti akamwingiza Di María ndani, awe kiungo wa kushoto pembeni ya Xabi Alonso na Luka Modrić. Tena huyu Alonso ndiye aliyesawazisha Istanbul.

Winga kuwa kiungo maana yake nini? Timu ikiwa na mpira, Di María anabeba chenga zake kutoka katikati, mahali ambapo mabeki hawajajipanga kumpokea. Mpira ukipotea, ana mapafu ya kurudi kushoto kumzibia Cristiano ambaye harudi, na Bale anashuka kulia. Ghafla Madrid inakaba na safu mbili za wanne. Daftari la Sacchi lilikuwa bado lipo, ila sasa linafunguliwa wakati wa kukaba tu. Bayern ya Guardiola ilikula 4-0 Munich namna hiyo.

Msimu ule La Liga hakuna aliyetoa pasi nyingi za mabao kuliko Di María. Kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Atlético, Lisbon, kila mtu anakumbuka kichwa cha Ramos dakika ya 93. Mimi namkumbuka Di María dakika ya 110: miguu imekwisha kwa kila mtu, yeye anakata kushoto, anawapita watu wa Atlético, anapiga, kipa Courtois anaokoa kwa mguu, mpira unapaa juu na Bale anaumalizia kwa kichwa. UEFA ikamtangaza mchezaji bora wa fainali. Msaidizi wa Ancelotti benchi siku hiyo alikuwa Zidane. Kiangazi hichohicho klabu ikamuuza Di María, na mwaka mmoja mbele ikamfungashia virago Ancelotti bila kombe kubwa.

Yaliyofuata ni rahisi kuyaficha ukiwa unamtetea mtu, kwa hiyo tuyataje. Bayern alibeba ligi ya 2017, kisha Septemba akafukuzwa baada ya kuchapwa 3-0 Paris, huku ikisemwa wachezaji wanaona mazoezi mepesi. Napoli wachezaji walikataa amri ya klabu ya kwenda kambini, na kabla mwaka 2019 haujaisha naye akaondolewa. Everton alimaliza nafasi ya 10. Ile njia yake ya kutazama watu kwanza inahitaji watu wa kutazama. Akipewa kikosi cha kawaida kinachohitaji kusukumwa kila siku, hana kile kiboko cha Sacchi, na nadhani hakitaki tena.

Kuna pia swali la ligi. Kocha wa miaka ile yote, kwenye klabu zile, ametwaa ligi kubwa mara sita tu. Kwa mtu mwenye makombe matano ya Ulaya ni chache. Mpangilio unaojengwa kwa kusikiliza mwili wa mchezaji fulani unaweza kuamua usiku mmoja wa Aprili. Mechi 38 zinataka mazoea, na mazoea ndiyo nguvu ya watu wa mfumo.

Madrid mara ya pili

Alirudi 2021. Mei 2022, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Manchester City, Madrid iko nyuma kwa jumla ya 5-3, dakika ya 75 na ushei. Ancelotti alikuwa tayari amemtoa Kroos. Akawatoa na Modrić na Casemiro. Yaani viungo watatu waliobeba klabu ile kwa miaka, wote wamekaa. Badala ya Modrić akaingia Eduardo Camavinga, miaka 19, mtoto wa wazazi wa Kikongo aliyezaliwa kambi ya wakimbizi Angola. Dakika ya 90 Camavinga akapiga mpira kwa Benzema, Benzema akamrudishia Rodrygo, bao. Baada ya muda mfupi lingine, na mwishowe Madrid ikapita. Fainali Paris akamweka Federico Valverde, kiungo, kama winga wa kulia, na pasi ya Valverde ndiyo Vinícius alifunga bao pekee.

Mwaka 2023 Benzema akaondoka, na badala ya mshambuliaji mkubwa klabu ikamletea kiungo, Jude Bellingham. Ancelotti akarudi kwenye almasi, akamweka Bellingham juu kabisa, nyuma ya Vinícius na Rodrygo ambao walitanuka pembeni wakivuta mabeki. Katikati pakawa wazi na kiungo yule akaingia kama mshambuliaji asiyekabwa na mtu: mabao 19 ya ligi. Madrid ilipoteza mechi moja tu ya La Liga na ikabeba Ligi ya Mabingwa ya 15, bao la kwanza la fainali likitokana na kona ya Toni Kroos.

Kroos alistaafu kiangazi hicho na akaja Mbappé. Kwenye karatasi timu ilikuwa imeongezeka makali. Uwanjani mpira haukuwa tena na mtu wa kuutoa nyuma, Bellingham akashushwa kuziba pengo, mbele watu wanagombea njia moja ya kushoto. Barcelona waliwafunga mara nne msimu mmoja. Aprili 2025 Arsenal wakawapiga 3-0 Emirates, Declan Rice akifunga friki mbili za moja kwa moja (huku kwetu kelele zake hazijaisha), ya tatu ikawa ya Mikel Merino, kiungo ambaye kocha wao Arteta alikuwa akimchezesha mshambuliaji. Hapo hata Ancelotti lazima alitabasamu kidogo.

Aliondoka Madrid akiwa kocha mwenye makombe mengi kuliko wote katika historia ya klabu hiyo, 15, na Mei 2025 akatangazwa kocha wa Brazil. Nchi nzima ilikuwa inabishana nani acheze na Vinícius mbele. Orodha yake ya kwanza ilipotoka, jina lililozua mjadala lilikuwa la namba sita mwenye miaka 33 ambaye timu ya taifa ilikuwa imemweka kando tangu 2023: Casemiro. Akampanga na Bruno Guimarães, wakatoka 0-0 Ecuador, na siku tano baadaye wakaifunga Paraguay 1-0 mjini São Paulo, wakafuzu Kombe la Dunia. Ilikuwa tarehe 10 Juni, mzee anatimiza miaka 66.